Siku Tano za Kutazama Maungio: Makanisa ya Parokia ya Essex, Suffolk na Norfolk

Siku ya kwanza, Jumatatu: Greensted

Nilishuka kituo cha Epping, mwisho wa treni ya chini ya ardhi itokayo London, nikapanda basi hadi Ongar, kisha nikashika njia ya miguu inayokata mashamba kuelekea Greensted, mwendo usiozidi nusu saa. Nimefanya kazi ya uashi kwa miaka 30, sehemu kubwa nikikarabati nyumba za mawe za pwani ya kwetu, na kwa muda mrefu nilitamani kuona kwa macho yangu jinsi waashi na maseremala wa Uingereza ya zama za kati walivyojenga makanisa ya vijijini. Makanisa makuu ya maaskofu sikuyafuata safari hii. Nilitaka kanisa la parokia, ambamo watu wa kijiji kimoja walibatizwa, wakafunga ndoa na kuagwa, na ambalo walilijenga kwa fedha zao wenyewe, kizazi hiki kikiongeza ubavu mmoja na kizazi kijacho kikibomoa mwingine.

Fundi anayefika kwenye jengo kongwe hatangulii kutazama nakshi. Hutazama maungio, maana hapo ndipo anapojua nani alitangulia, nani alifuata, na nani aliishiwa fedha njiani. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa kwa siku hizi tano.

Kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted ni dogo na limejificha nyuma ya miti. Kuta za ukumbi wake wa waumini ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa na kusimamishwa wima, moja kando ya jingine, mgongo wa mviringo ukitazama nje na upande bapa ukitazama ndani. Yamesalia magogo 51. Mwaka 1995 wataalamu waliosoma pete za miti hiyo walikadiria kwamba ilikatwa kati ya mwaka 1063 na 1100, ndicho kipindi ambacho Wanormani waliiteka Uingereza. Kanisa hili hutajwa kuwa jengo la mbao kongwe kuliko makanisa yote ya mbao yanayosimama Ulaya.

Nilipiga magoti kwenye nyasi nikatazama mahali gogo linapokutana na gogo. Seremala alichimba mfereji mwembamba kwenye ukingo wa kila gogo, kisha akapenyeza ubao mwembamba wa mwaloni katikati ya mifereji miwili, ili mvua na upepo visipate pa kupita. Upande wa ndani bado zinaonekana alama za tezo, vijishimo vifupi vilivyofuatana kwenye uso wa mti, na ukiweka mkono hapo unahisi kila pigo lilipoishia. Chini, magogo yanakaa juu ya msingi wa matofali uliowekwa mwaka 1848, kwa kuwa ncha zilizokuwa ardhini zilikuwa zimeoza na ilibidi zikatwe. Mti uliochimbiwa ardhini huoza, uwe Essex au uwe Pangani. Upande wa mashariki, patakatifu pamejengwa kwa matofali mekundu ya mwanzoni mwa karne ya 16, na upande wa magharibi umesimama mnara wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Hatua 20 tu, na nimekwisha kupita zama tatu au nne za ujenzi.

Siku ya pili, Jumanne: Long Melford na Lavenham

Nililala Colchester kwa mpwa wangu, ambaye aliomba ruhusa kazini ili anipeleke kwa gari siku zilizobaki. Asubuhi alinigongea mlango: "Shikamoo mjomba, chai iko tayari, na leo mvua haipo." Nilimwitikia, na saa tatu tulikuwa barabarani kuelekea kaskazini.

Kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford limesimama juu ya uwanja mpana wa nyasi, nalo ni refu kiasi cha kumfanya mtu asimame kabla ya kulikaribia. Safu za nguzo zake ndani zina matao tisa kila upande. Sehemu kubwa ilijengwa upya katika nusu ya pili ya karne ya 15, wakati wafanyabiashara wa nguo za sufu katika Suffolk walipokuwa na fedha nyingi, na kiongozi wa wafadhili alikuwa John Clopton, tajiri aliyekamatwa mwaka 1462 kwa tuhuma za kumpinga mfalme na akaponea chupuchupu.

"Mjomba, mbona ukuta huu unametameta kama chupa?" mpwa wangu aliuliza tulipokuwa tukizunguka upande wa kusini. Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Suffolk haina jiwe zuri la kujengea. Ardhini mwake mna mawe ya gumegume, magumu na yenye maumbo ya viazi, ambayo hayachongeki kuwa matofali. Fundi wa kule alijifunza kulipasua gumegume kwa pigo moja la nyundo hadi uso wake wa ndani, mweusi na laini, uwe bapa. Jiwe la chokaa lililochongeka liliagizwa kutoka mbali kwa njia ya mito na bahari, na kwa kuwa lilikuwa ghali lilitumiwa kwa uchache: kwenye pembe, kwenye fremu za madirisha, na kwenye michoro hii iliyokatwa kama vidirisha vyembamba, ambavyo nafasi zake zilijazwa gumegume nyeusi hadi uso wote ukawa sawasawa. Nilipitisha ukucha mahali jiwe jeupe linapokutana na jeusi. Chokaa iliyo katikati haikuwa nene kuliko karatasi chache zilizobebanishwa. Gumegume kadhaa zilikuwa zimepasuliwa kwa mkato uliofuata mviringo wa jiwe la chokaa, na sijui fundi yeyote wa leo ninayemfahamu ambaye angeifanya kazi hiyo bila msumeno wa umeme.

Juu ya michoro hiyo, kwa herufi kubwa za mawe zilizozunguka jengo, yameandikwa majina ya waliotoa fedha na ombi kwamba mpita njia aziombee roho zao. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini mji mdogo ulijenga kanisa kubwa kupita mahitaji yake. Watu hawa waliamini toharani, waliamini kwamba sala za walio hai huwafupishia marehemu mateso, na kwa hiyo kila wosia uliacha kitu kwa ajili ya kanisa: huyu dirisha, yule tao, mwingine sehemu ya paa. Herufi zile za ukutani ni risiti na ombi kwa pamoja.

Mnara si wa zama hizo. Ule wa kwanza uliharibiwa na radi, ukajengwa mwingine wa matofali katika karne ya 18, na kati ya mwaka 1898 na 1903 msanifu G. F. Bodley akauvisha mnara huo wa matofali koti la mawe na gumegume ili ulingane na kanisa. Ameufanya vizuri, lakini gumegume zake zimepangwa kwa nidhamu kupita kiasi, na jicho lililozoea ukuta wa zamani hulitambua jambo hilo mara moja.

Nyuma kabisa, upande wa mashariki, kuna kikanisa cha Bikira Maria kilichokamilika mwaka 1496, chenye chumba cha ndani kilichozungukwa na ushoroba pande zote. Katika karne ya 17 kilifanywa shule, na ukutani bado imebaki jedwali la kuzidisha. Mpwa wangu alilisoma kwa sauti ya chini mpaka akafika mwisho.

Lavenham tulifika alasiri. Mnara wake wenye urefu wa mita 43 hivi ni kazi ya miaka mingi iliyoanza miaka ya 1480, kwa fedha za John de Vere, mtemi wa Oxford, na za ukoo wa Spring, matajiri wa nguo. Thomas Spring alipofariki mwaka 1523 aliacha katika wosia wake paundi 200 za kuumalizia. Nyota za de Vere zimechongwa chini, na ngao za Spring zimepangwa juu kabisa, kwa hiyo unaweza kusoma kwa macho jinsi fedha za ukoo wa kitemi zilivyopokewa na fedha za biashara. Kilichonivutia zaidi ni patakatifu pake, pa karne ya 14, padogo na pa chini, kana kwamba pamesahauliwa mashariki mwa ukumbi mkubwa. Sababu yake ni ya kisheria. Kwa desturi ya Uingereza ya wakati huo, waumini waliwajibika kwa ukumbi wao, na mwenye parokia, yaani padri au taasisi iliyopokea zaka zake, aliwajibika kwa patakatifu. Waumini walikuwa na fedha za sufu; mwenye parokia hakuona sababu ya kutoa zake. Kila unapoona katika kanisa la Kiingereza paa limeshuka ghafla upande wa mashariki, ujue kwamba hapo bajeti mbili zilikutana.

Siku ya tatu, Jumatano: Needham Market

Siku hii yote niliitoa kwa paa moja, na sijuti.

Kwa nje, kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji la Needham Market halimwiti mtu. Liko kando kabisa ya barabara kuu ya mji, halina uwanja wa makaburi, kwa maana lilijengwa kama tawi la parokia ya Barking, ambako ndiko maiti walikopelekwa kuzikwa. Halina mbawa za pembeni wala nguzo. Ni ukumbi mmoja mpana, uliojengwa katika nusu ya pili ya karne ya 15. Ukiingia na kuinua macho, unakuta juu ya kichwa chako jengo la pili, lote la mwaloni, lenye nguzo zake, madirisha yake na paa lake, linaloelea hewani bila kitu chini yake.

Fundi wa pwani anaijua shida ambayo seremala huyu aliikabili. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu na vyembamba, visivyozidi upana wa mita tatu hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Sisi tulikubali boriti iamue upana wa chumba. Wao nao walikuwa na mwaloni, lakini mti mmoja ulionyooka na unaotosha kuvuka ukumbi mpana ulikuwa adimu na ghali. Isitoshe, paa la mgongo lina tabia ya kutanua miguu: makombamoyo hukutana juu, uzito hushuka, na ncha zake za chini husukuma kuta kwenda nje. Ukiifunga miguu hiyo kwa boriti moja inayotoka ukuta hadi ukuta, umeitatua shida, lakini umeukata ukumbi katikati na hujaondokana na haja ya mti ule mrefu.

Seremala wa Needham Market aliacha boriti ndefu chini. Alitoa boriti fupi kutoka juu ya kila ukuta, zikachomoza kuelekea katikati na kuishia hewani. Maseremala wa huko huziita boriti za nyundo. Chini ya kila moja aliweka mkono uliopinda, unaoanzia kwenye nguzo iliyobandikwa ukutani chini zaidi, ili msukumo wa paa ushuke na kuingia ukutani mahali palipo na uzito wa kuuzuia. Kisha kwenye ncha ya kila boriti fupi, pale pasipo na kitu chini yake, akasimamisha nguzo ndefu kwenda juu. Kati ya nguzo hizo, huko juu, aliunganisha boriti za kuvuka, ambazo sasa hazikuhitaji kuwa ndefu, kwa sababu boriti fupi zilikuwa zimekwisha kula sehemu ya upana kutoka kila upande. Na kwa kuwa nguzo hizo zilimpa kuta mpya za mbao hewani, alizitoboa madirisha, mwanga ukaingia kutoka ndani ya paa lenyewe.

Nilikuwa nimebeba darubini ndogo. Nililala chali kwenye benchi, mpwa wangu akinishikia koti, nikalifuata ungio moja kwa muda mrefu: pale nguzo inapokaa juu ya ncha ya boriti fupi. Ulimi wa nguzo umeingia kwenye tundu la boriti, na vichwa vya vigingi vya mwaloni vinaonekana vikichomoza kidogo. Maseremala wa enzi hizo walichonga mti ukiwa bado mbichi, kwa sababu mwaloni mkavu hukataa patasi. Tundu la kigingi kwenye ulimi walilitoboa likiwa limepishana kidogo na lile la ubavuni, ili kigingi kikigongwa kivute viungo viwili vikumbatiane, na mti unapokauka ungio hukaza zaidi. Kila kipande kilikatwa na kujaribiwa ardhini kwanza, kikawekewa alama ya patasi, kisha kikapandishwa na kuunganishwa juu kwa kufuata alama hizo.

Kwa muda mrefu paa hili lilifichwa nyuma ya dari ya lipu, hadi ukarabati wa karne ya 19 ulipolifunua. Sitaki kumlaumu aliyepiga dari ile, kwa kuwa pengine watu walikuwa wanaona baridi.

Siku ya nne, Alhamisi: Haddiscoe

Asubuhi tulisimama kwenye kanisa moja dogo njiani, nalo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo tukauzunguka ukuta tu. Mtu fulani, nadhani katika karne iliyopita, alikuwa ameziba maungio yote kwa saruji. Gumegume hainywi maji, ila chokaa hunywa na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani, na baridi ikija maji hayo huganda, hutanuka na kubandua uso wa ukuta. Nilikuta vipande vya jiwe la chokaa vikiwa chini, vimebanduka kama maganda. Nimeuona ugonjwa huohuo kwenye kuta za matumbawe za Mji Mkongwe, ambako chumvi huifanya kazi inayofanywa hapa na barafu, na iliniuma kwa namna ileile. Chama cha kuhifadhi majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kimekuwa kikihimiza matengenezo yafanywe kwa vitu vinavyopatana na ukuta wa zamani, chokaa kikiwa mbele ya vyote. Ni ushauri ambao ningependa kuusikia ukirudiwa kila siku nyumbani.

Haddiscoe iko Norfolk, karibu na mpaka wa Suffolk, na mnara wa kanisa lake la Mtakatifu Maria ni wa mviringo. Norfolk ina zaidi ya minara mia moja ya aina hii, Suffolk ina makumi kadhaa, na kwingineko Uingereza ni michache sana. Maelezo ninayoyaafiki ni ya fundi: pembe ya ukuta huhitaji jiwe la pembeni lililochongwa mraba, na gumegume haitoi jiwe la namna hiyo, ukiondoa pembe, umeondoa gharama. Wapo wataalamu wanaopinga, wakionyesha minara michache yenye pembe za gumegume tupu, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo nilipousimamia mnara huu na kuona jinsi mawe yasiyo na umbo yalivyojipanga kwenye mviringo bila kulazimishwa, niliona kwamba ukuta umelifuata jiwe lake. Madirisha ya kengele yana vichwa vya pembetatu, na juu kabisa kizazi cha baadaye kimeongeza ukingo wa miraba ya gumegume na jiwe jeupe. Mlango wa kusini ni wa Kinormani, wenye tao la duara, na juu yake ameketi mtu wa jiwe, mikono ameinua.

Siku ya tano, Ijumaa: Wenhaston na Blythburgh

Wenhaston tulikwenda kwa ajili ya mbao. Zamani, juu ya tao linalogawa ukumbi na patakatifu, kila kanisa lilikuwa na sanamu ya Kristo msalabani, Mama yake na Yohana wakiwa kando, na nyuma yao mara nyingi ilichorwa Siku ya Hukumu. Ya Wenhaston ilichorwa mwishoni mwa karne ya 15 au mwanzoni mwa karne ya 16 kwenye mbao zilizoziba sehemu ya juu ya tao. Matengenezo ya dini ya karne ya 16 yalipofika, sanamu ziliondolewa, mbao zikapakwa chokaa nyeupe na kuandikwa maneno ya Maandiko yanayowaamuru watu kuzitii mamlaka. Mwaka 1892, kanisa likikarabatiwa, mbao hizo ziling'olewa na kutupwa uwanjani kama takataka. Usiku ule mvua ilinyesha, ikaosha chokaa, na asubuhi watu wakakuta nyuso zikiwatazama.

Sasa mbao zimesimamishwa ndani ya kanisa, na unaweza kuzikaribia hadi pumzi ifike. Petro anawapokea waliookoka, wote uchi, lakini mfalme amevaa taji lake na askofu kofia yake. Mikaeli ameshika mizani. Kilichonishika zaidi ni sehemu zisizo na rangi kabisa: umbo la msalaba na maumbo ya watu wawili, mbao tupu, kwa sababu mchoraji hakupoteza rangi mahali ambapo sanamu zilikuwa zimesimama. Sanamu zenyewe hazipo tena, ila kimo chao na mainamo ya mabega yao yanaweza kupimwa kwa rula.

Blythburgh ni karibu, na kanisa lake la Utatu Mtakatifu linaonekana kutoka mbali juu ya vinamasi vya mto Blyth. Tarehe 4 Agosti 1577, wakati wa ibada, dhoruba iliuangusha mnara mwembamba uliokuwa juu ya mnara mkuu, ukapenya paa, wakafa mwanamume na mvulana. Wenyeji walisimulia kwamba mbwa mweusi wa kishetani alipita humo, na alama nyeusi zilizoungua kwenye mlango wa kaskazini huitwa makucha yake. Nilizigusa. Ncha ya kidole iliingia kidogo tu, na umbo lake ni la tone, kama linaloachwa na mwali wa mshumaa ulioshikiliwa hapo kwa utulivu.

Ndani ni mwanga mtupu. Vioo ni vyeupe, sakafu ni ya matofali yaliyolika, na juu ya kichwa paa la karne ya 15 lingali na mabaki ya rangi yake ya kwanza, maua mekundu na ya kijani juu ya weupe uliofifia. Katikati ya kila boriti wamekaa malaika wawili waliopeana migongo, mmoja akitazama mashariki na mwingine magharibi, mabawa yametandazwa. Aprili 1644 William Dowsing, aliyetumwa na Bunge kuondoa sanamu makanisani, aliagiza malaika 20 washushwe. Hawakushushwa wote, paa liko juu mno. Miili yao ilikutwa na vidonge vya risasi, na kwa muda mrefu askari wa Dowsing ndio waliolaumiwa, mpaka ikabainika kwamba vidonge hivyo ni vya karne ya 18, wakati walinzi wa kanisa walipokuwa wakilipa watu kuwapiga kunguru waliojenga viota darini. Mwaka 1881 kanisa lilifungwa kwa kuwa lilikuwa hatari kuingia, likafunguliwa tena mwaka 1884.

Nilimpa mpwa wangu darubini. Alimtazama malaika wa karibu na mlango kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, bawa si la mti uleule. Limepachikwa." Nikaichukua darubini, nikaangalia. Ni kweli: bawa la kushoto limeingizwa kwenye tundu nyuma ya bega, na kichwa cha kigingi kimoja kinaonekana, kimechomoza kidogo.